Yah: Namba ya kelele za osileta isiyotaja sakafu ya kipimo ni lumbesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na mafundi wa mawasiliano, walimu wa vyuo vya ufundi na wanafunzi wa elektroniki wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe kuhusu kipimo ambacho hutajwa sana, ila hutajwa nusu. Ni kipimo cha kelele za awamu za osileta, yaani saketi inayozalisha wimbi la masafa maalumu. Moduli zinauzwa kwa sifa ya "-110" au "-140", ripoti za miradi ya vyuoni zinabeba namba za aina hiyo hiyo, na namba yenyewe imesimama peke yake. Mkulima wa viazi wa Uyole anaujua ubaya wa jambo hili kuliko mhandisi. Akiambiwa bei ni ya "gunia moja" huku gunia limeshonewa kilemba cha lumbesa, anajua kwamba bila mizani hakuna aliyepima kitu. Namba ya kelele za awamu inahitaji mambo matatu pembeni yake: masafa ya osileta, umbali (kwa Hz) kutoka kwenye wimbi kuu la osileta, na sakafu ya kelele ya chombo kilichopima, yaani kelele zake chenyewe ambazo hakiwezi kuona chini yake. Mawili ya kwanza watu wakikumbushwa huyaandika. La tatu karibu halionekani, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwanza tuelewane maneno. Osileta iliyoandikwa 10 MHz inatakiwa ipige mizunguko milioni 10 kwa sekunde, kila mzunguko ukianza mahali pake. Haifanyi hivyo kwa ukamilifu. Mzunguko mmoja unawahi kidogo sana, mwingine unachelewa, kwa sababu ya joto la elektroni ndani ya transista na rezista, na kwa sababu ya kelele zinazopenya kutoka kwenye usambazaji wa umeme. Kuwahi na kuchelewa huko ndiko kelele za awamu. Awamu hapa ni fezi, lakini si zile fezi tatu za nguzoni. Ni nafasi ya wimbi ndani ya mzunguko wake. Kwenye analaiza ya masafa, chombo kinachochora nguvu iliyopo kwenye kila masafa, utaona mlima wenye miteremko pande mbili pale ulipotarajia mstari mwembamba. Kipimo kinauliza hivi: tukishuka kutoka kileleni umbali fulani, tuseme 1 kHz, nguvu iliyomo ndani ya upana wa 1 Hz iko desibeli ngapi chini ya wimbi kuu? Ndiyo maana kizio chake ni dBc/Hz. Kiwango cha IEEE namba 1139 kinaifafanua kuwa nusu ya msongamano wa mitikisiko ya awamu. Hiyo nusu ni desibeli 3, na wengi husahau kuzitoa.

Umbo la miteremko hiyo lilielezwa na David Leeson mwaka 1966, na maelezo yake bado yanamfaa fundi wa leo. Ndani ya nusu ya upana wa risoneta (kristali, au koili na kapasita, inayoamua masafa) kelele hupanda upesi unapokaribia wimbi kuu; nje ya hapo hulala karibu tambarare. Kristali ya 10 MHz yenye Q (kipimo cha ukali wa risoneta) ya 100,000 ikiwa ndani ya saketi, nusu ya upana wake ni 50 Hz tu. Koili na kapasita za 100 MHz zenye Q ya 50, nusu ya upana ni 1 MHz nzima. Kwa hiyo osileta ya koili hubaki kwenye mpando wa kelele kwa umbali mkubwa, hata uibembeleze vipi.

Faida ya kujua haya huku kwetu iko vilimani. Kilima kimoja hubeba minara kadhaa, na kipokezi cha VHF kinakaa mita chache kutoka kwa mtambo wa jirani. Chukua jirani anayeingia kwa nguvu ya -30 dBm (dBm ni desibeli zikihesabiwa kutoka miliwati 1), akiwa umbali wa 25 kHz kutoka kwenye chaneli yako. Osileta ya kipokezi chako ina -120 dBc/Hz kwa umbali huo, na chujio lako lina upana wa 10 kHz, yaani mara 10,000 ya ule wa 1 Hz, sawa na desibeli 40. Jumlisha: -30, toa 120, ongeza 40, unapata kelele ya -110 dBm ndani ya chaneli yako. Mtu anayekuita kutoka bondeni Mufindi kwa nguvu ya -115 dBm amezama, hata kama antena ni nzuri na waya ni mpya. Weka osileta ya -140 kwa umbali ule ule, kelele hiyo inashuka hadi -130 naye anasikika wazi. Fundi asiyejua hili atabadilisha antena mara tatu.

Viungo vya mikrowevu navyo vina adhabu yao. Kila unapozidisha masafa, kelele hupanda kwa mara 20 ya logi ya kizidisho. Kutoka 10 MHz hadi 7 GHz ni mara 700, sawa na desibeli 57. Osileta ya -150 kwa 1 kHz inafika kule juu ikiwa -93 ikibahatika, na desibeli moja uliyojidanganya huku chini inapanda nayo.

Sasa upimaji. Njia ya haraka ni analaiza ya masafa, na sina ugomvi nayo kwa osileta mbovu. Tuseme kwa umbali wa 10 kHz, upana wa kipimo ukiwa 1 kHz, kioo kinaonyesha kelele desibeli 75 chini ya kilele. Wengi wanaandika -75. Toa desibeli 30 za ule upana wa 1 kHz, upate -105. Kama analaiza inatafuta wastani kwenye skeli ya logi, inaipunja kelele kwa desibeli 2.5, kwa hiyo zirudishe. Na chujio lake ni pana kidogo kuliko lilivyoandikwa, toa robo ya desibeli. Jibu ni karibu -102.7 dBc/Hz. Ukitumia kipimo cha wastani wa nguvu halisi, zile 2.5 hazikuhusu.

Lakini hata hesabu ikiwa safi, analaiza ina osileta yake tumboni, na miteremko unayoiona ni ya zote mbili. Jaribio lake ni la dakika tano: pima osileta yako, kisha ondoa na uweke osileta ya kristali yenye tanuri (kristali ikiwa ndani ya kasha linalotunza joto moja), masafa yale yale, nguvu ile ile. Mteremko usipobadilika, ulichopima ni analaiza. Ukishuka kwa desibeli 3 tu, nusu ya ulichoandika ni mali ya chombo. Zikiwepo desibeli 10 kati ya kipimo na sakafu, kosa ni chini ya nusu desibeli, na hapo unaweza kuandika kwa amani. Vile vipokezi vidogo vya USB vyenye biti 8 vinafaa kutafutia stesheni. Kwa kazi hii osileta yao ya ndani ina kelele kuliko karibu kristali yoyote nzuri utakayoifikisha mezani.

Kwa osileta nzuri, njia ni ya miksa, kifaa kinacholinganisha mawimbi mawili, na vifaa vyake haviko mbali na uwezo wa chuo cha wilaya. Miksa ya diodi nne ya daraja la +7 dBm inapewa osileta mbili za masafa sawa, moja kila mlango. Zikikaa nyuzi 90 mbali, mlango wa tatu unatoa volti sifuri, na kila mtikisiko mdogo wa awamu unatokea kama volti ndogo. Nguvu ya +7 dBm kwenye ohm 50 ni volti 1.4 kutoka kilele hadi kilele, kwa hiyo osiloskopu ya kawaida inatosha kuihakikisha. Mlango wa kutokea uwekee rezista ya ohm 51 ikifuatana na kapasita ya nF 1 kwenda ardhini, ili masafa ya 20 MHz yanayozaliwa humo yapate pa kufia. Kisha koili ya mikrohenri 10 na kapasita ya nF 3.3 kwenda ardhini. Baada ya hapo amplifaya ya kukuza mara 100: kilo-ohm 1 na ohm 10. Usiweke kilo-ohm 100 na kilo-ohm 1. Ukuzaji ni ule ule, ila kilo-ohm 1 pale chini inaleta nanovolti 4 zake kwa mzizi wa Hz, sawa na NE5534, IC ya amplifaya yenyewe. Mwenye uwezo atumie LT1028 au AD797, ambazo ziko chini ya nanovolti 1. Mwisho ni kadi ya sauti ya 192 kHz na programu ya kuchambua masafa.

Umeme utoke kwenye betri mbili za 12 V za saa-ampea 7, zile za risasi zilizozibwa zinazouzwa kila duka la sola. Hapa sikubali mbadala.

Sasa sakafu, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Chukua osileta moja tu. Igawe mara mbili kwa kigawanyo cha rezista tatu za ohm 16, ukijua kila upande unapungukiwa desibeli 6, kwa hiyo anza na +13 dBm. Upande mmoja uende kwenye miksa moja kwa moja. Mwingine upite kwenye waya wa RG-58. Urefu wake? Wimbi la 10 MHz hewani ni mita 30, robo yake mita 7.5, na ndani ya RG-58 mwendo ni asilimia 66, kwa hiyo mita 4.95. Kata mita 5 na nusu, funga kiunganishi, pima volti za moja kwa moja kwenye mlango wa kutokea, kisha punguza kidogo kidogo. Kila sentimita 5.5 ni nyuzi moja, na nyuzi moja kwa miksa ya mteremko (volti inazotoa kwa kila radiani ya awamu) wa volti 0.4 kwa radiani ni milivolti 7. Usiridhike na milivolti 30. Ukiwa nyuzi 5 nje ya sifuri, kelele za ukubwa wa wimbi, ambazo hazihusiki hapa, zinapunguzwa kwa desibeli 21 tu. Ukiwa nyuzi 1 nje, zinapunguzwa kwa 35.

Kwa nini jaribio hili linafichua sakafu? Kwa sababu kelele za osileta zinafika kwenye milango yote miwili karibu kwa pamoja, zikipishana nanosekunde 25 tu, na miksa inazifuta. Kwa umbali wa 10 kHz zinafutwa kwa desibeli 56, kwa 1 kHz desibeli 76. Kinachobaki kwenye kioo ni cha miksa, amplifaya na kadi ya sauti. Mchoro huo uhifadhiwe, uchapwe, ubandikwe ukutani juu ya meza. Kwa NE5534 na mteremko wa 0.4, hesabu inasema karibu -163 dBc/Hz mbali na wimbi kuu. Ukipata -140, kuna kosa na ni lazima ulitafute kabla osileta ya mtu haijawekwa mezani. Karibu na wimbi kuu, chini ya 100 Hz, sakafu itapanda kwa kelele za diodi za miksa. Hiyo ni kawaida.

Ukimaliza sakafu, leta osileta ya pili. Mteremko wa miksa usiukisie, upime. Achia osileta mbili zipishane kwa 5 Hz na utazame mpigo kwenye osiloskopu, ikiwa imewekwa kupokea volti za moja kwa moja. Kadi ya sauti haifai kwa hatua hii. Inakata masafa ya chini na itakuonyesha mpigo uliokonda. Mpigo ukiwa sine safi, volti ya kilele ndiyo mteremko kwa radiani. Ukiwa umebapa juu na chini, pima kasi ya volti pale unapokata sifuri: kwa 5 Hz awamu inakimbia radiani 31.4 kwa sekunde, kwa hiyo volti 12.6 kwa sekunde ni mteremko wa 0.4. Amplifaya iwe imechomolewa wakati huu wote. Volti 0.4 mara 100 ni 40, na IC iliyogonga ukuta huchukua muda kurudi katika hali yake.

Kisha zifunge pamoja. Volti ya miksa irudi kwenye pini ya kurekebisha masafa ya osileta moja; njia hiyo ya kurudi ndiyo kitanzi. Osileta yenye tanuri inayosogea 1 Hz kwa volti, ukiiunganisha moja kwa moja, kitanzi kina upana wa 0.4 Hz, na osileta lazima uziwianishe kwa mkono ndani ya 0.4 Hz, la sivyo hazitafungana. Ndani ya upana wa kitanzi kelele zinafutwa na kitanzi chenyewe, kwa hiyo soma kuanzia mara kumi, yaani 4 Hz na kuendelea. Hapa ndipo makosa mabaya yanapozaliwa. Mtu anatumia osileta inayosogea 100 Hz kwa volti, kitanzi kinafika 40 Hz, anasoma 20 Hz na kushangilia ukimya ambao ameutengeneza mwenyewe. Mwingine anapunguza kitanzi kwa rezista kubwa. Rezista ya kilo-ohm 100 ina nanovolti 40 kwa mzizi wa Hz. Kwenye osileta ya 100 Hz kwa volti hizo zinakuwa -131 dBc/Hz kwa umbali wa 10 Hz. Akiwa hajui, ataandika kwamba kristali ni mbovu.

Hesabu ya mwisho si ngumu. Tuseme kwa umbali wa 1 kHz, baada ya amplifaya, unasoma mikrovolti 2 kwa mzizi wa Hz: hiyo ni -114. Toa 40 za amplifaya, -154. Mteremko wa 0.4 unarudisha 8, -146. Toa 3 za ile nusu, -149. Osileta zote mbili zikiwa za aina moja, kila moja ina -152. Programu ya kompyuta nayo ina mtego wake: kwa 192 kHz na sampuli 65,536, kila kijisehemu ni 2.93 Hz, lakini dirisha la Hann (uzito ambao programu huzipa sampuli kabla ya kuzichambua) linakipanua mara 1.5, kwa hiyo gawa kwa 4.4 Hz, yaani toa desibeli 6.4. Ukisahau ile 1.5, unakosea kwa karibu desibeli 1.8. Osileta zikiwa si za aina moja, tafuta ya tatu na upime jozi zote tatu, kisha utatue kila moja.

Mengine ni ya mazingira yetu. Vijiti vya 50, 100 na 150 Hz kwenye mchoro ni umeme wa gridi unaoingia kupitia chaja ya laptopu, ichomoe. Kijiti cha makumi ya kilohezi mara nyingi ni kidhibiti cha sola au taa ya LED ya chumba hicho. Mtetemo nao ni adui wa kristali: yenye unyeti wa sehemu moja ya bilioni kwa kila g (g ni mvutano wa dunia), ikitikiswa kwa g 0.1 kwenye 50 Hz, inazaa kijiti cha -100 dBc. Meza iliyo jirani na barabara ya TANZAM, malori yakipanda kwa gia ya chini, iwekewe sponji nene ya godoro chini ya osileta. Sponji hiyo hiyo iifunike juu pia, hasa msimu wa kipupwe kule Makete na Njombe, kwa sababu upepo wa mlangoni ukipiga kwenye kasha, masafa yanatangatanga na kitanzi kinahangaika kuyafuata. Yenye tanuri iwashwe jana yake jioni. Mwisho, igonge meza taratibu kwa penseli ukitazama mchoro: ukiruka, tafuta kapasita za seramiki kwenye njia ya volti ya kurekebisha, uweke za filamu.

Ombi langu kwa walimu na wakaguzi wa miradi ni la mstari mmoja kwenye kila ripoti, ulioandikwa hivi: osileta 10 MHz, umbali 1 kHz, -152 dBc/Hz, sakafu ya kipimo -163 kwa umbali huo huo, kwa waya wa mita 4.95, mteremko 0.4 V kwa radiani, kitanzi 0.4 Hz, umeme wa betri. Ripoti isiyo na sakafu irudishwe mezani siku hiyo hiyo, waya wa RG-58 ukiwa bado umefungwa.

Wako,
Fundi wa mitambo ya redio,
Mbeya